Immunoglobulini, antibayotiki au sindano ya chembe nyeupe: kinga ipi ya maambukizi inalipa kwa mgonjwa wa saratani ya damu?

Daktari akimwambia mgonjwa wa mieloma au lukemia kwamba anahitaji "kinga ya maambukizi", huenda anazungumzia kidonge cha bei ndogo kinachomezwa kila siku, au dripu ya kila mwezi ambayo bei yake kwa mwaka inashinda kipato cha familia nyingi. Zote mbili zina ushahidi. Ulinganisho huu ni wa mgonjwa, ndugu anayelipia, na mhudumu wa afya anayepanga bajeti ya wodi. Msimamo wangu nautoa mapema: kinachoamua kama kinga inalipa ni ukubwa wa hatari aliyonayo mgonjwa kabla hajaanza dawa. Dawa ileile inaweza kuwa fedha iliyotupwa kwa mgonjwa mmoja na akiba kubwa kwa yule aliyelala kitanda cha pili.

## Kwanza, kinga imevuja wapi?

Saratani za damu hazidhoofishi kinga ya mwili kwa namna moja. Kwenye lukemia kali, na baada ya kemotherapia nzito, zinazopungua ni nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazowahi kukabili bakteria na fangasi. Zikishuka chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu, homa ya nyuzi 38 si ya kungoja kukuche.

Kwenye mieloma na lukemia sugu ya limfositi, ile inayoandikwa CLL kwenye faili, tatizo kubwa huwa kingamwili. Mwili unatengeneza chache mno, au unajaza damu protini isiyo na kazi, na mgonjwa anaugua nimonia na sinusi mara kwa mara. Halafu kuna limfositi T, ambazo hudhoofishwa na steroidi, upandikizaji wa uboho na baadhi ya dawa mpya. Hapo mkanda wa jeshi, virusi vya CMV na nimonia ya fangasi aitwaye Pneumocystis hupata mwanya.

Gharama mbaya kuliko zote ni kununua kinga ya pengo ambalo mgonjwa hana. Mtu ambaye shida yake ni nyutrofili za wiki 2 baada ya kemotherapia hatanufaika na dripu ya kingamwili, hata akipewa bure.

## Hesabu ya "inalipa" inafanywaje

Wachumi wa afya hupima kwa mwaka mmoja wa maisha yenye afya kamili. Dawa ikimwongezea mtu miaka 2 lakini kwa nusu ya afya, wanahesabu mwaka 1. Gharama ya ziada inagawanywa kwa miaka hiyo. Taasisi ya NICE ya Uingereza, inayoamua dawa zipi zilipiwe na serikali, kwa muda mrefu ilitumia mpaka wa pauni 20,000 hadi 30,000 kwa kila mwaka wa namna hiyo. Nchi nyingine zina mipaka yao, na nyingine hazijajiwekea wowote.

Kwa mtu asiye mchumi kuna njia fupi. Chukua idadi ya wagonjwa wanaopaswa kutumia dawa ili mmoja wao aepuke tukio, zidisha kwa bei ya kozi moja, kisha linganisha na gharama ya tukio lenyewe: kulazwa, antibayotiki za mshipa, na kemotherapia iliyoahirishwa. Hiyo ya mwisho husahaulika, ilhali ndiyo inayorudisha saratani.

Uchambuzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliangalia zaidi ya wagonjwa 41,000 wa saratani waliolazwa kwa homa pamoja na upungufu wa nyutrofili. Kila tukio liligharimu wastani wa dola 19,110, na 9.5% walifariki. Lakini wastani huo unaficha mengi. Kwa wasio na ugonjwa mwingine mkubwa vifo vilikuwa 2.6%, na kwa wenye magonjwa mengine zaidi ya moja vilivuka 21%. Ukizuia tukio kwa kundi la pili, umezuia kitu kizito mara nane.

## Pambano kubwa: dripu ya kingamwili dhidi ya kidonge cha kila siku

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea au kuokolewa, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Immunoglobulini ni kingamwili zinazochujwa kutoka plazima (maji ya damu) ya maelfu ya wachangiaji. Kutoka mkono wa mchangiaji hadi chupa hupita miezi 7 hadi 12, ndiyo maana mahitaji yakipanda ghafla dunia hukumbwa na uhaba ambao fedha peke yake haiwezi kuumaliza. Dozi ya kawaida ni gramu 0.4 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya wiki 3 au 4. Mtu wa kilo 70 anatumia gramu 28 kwa dripu moja, na akipewa kila wiki 4, gramu 364 kwa mwaka. Chukua bei ya gramu moja utakayotajiwa, zidisha, kisha ongeza kiti cha wodi ya mchana, muuguzi na nauli.

Ushahidi wa msingi ni wa zamani kidogo. Mwaka 1988 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la wagonjwa wa CLL waliopewa immunoglobulini au dripu isiyo na dawa kila wiki 3 kwa mwaka mmoja. Waliopata dawa waliugua maambukizi ya bakteria mara 23, wenzao mara 42. Vifo havikutofautiana. Mwaka 1991 jarida hilohilo likatoa hesabu ya gharama: mgonjwa alipata nyongeza ya siku 0.8 za afya kamili kwa kila mwaka wa tiba, na kila mwaka wa afya kamili uligharimu dola milioni 6. Ndiyo, milioni, na ni dola za enzi hizo.

Namba hiyo imetumika tangu hapo kama rungu la kuwanyima wagonjwa dripu, na mimi naona inasomwa nusu. Ilipima kundi lililochanganya watu wenye kingamwili pungufu na watu waliowahi kuugua sana, na kwa kuwa vifo havikupungua, faida yote ilibaki kwenye siku za ugonjwa zilizoepukwa. Kwa kundi kama hilo, hukumu ni sahihi: usimpe kila mwenye kingamwili pungufu. Haisemi kitu kuhusu mtu aliyelazwa kwa nimonia mara 3 msimu mmoja huku akimeza antibayotiki kila siku.

Dalili ya nani anafaidika ilianza kuonekana mwaka 1994, jarida la The Lancet lilipochapisha jaribio la Uingereza la wagonjwa wa mieloma iliyotulia. Immunoglobulini ilipunguza maambukizi makali, na walionufaika zaidi ni wale ambao miili yao haikuitikia chanjo ya nimokoki, bakteria wa nimonia. Hicho ni kipimo cha kazi na cha bei nafuu: mpe mgonjwa chanjo, pima kingamwili baada ya wiki chache, uone kama kiwanda chake bado kinazalisha. Uchambuzi wa pamoja wa mwaka 2009 ulithibitisha sura hiyohiyo. Maambukizi yaliyothibitishwa na daktari yalipungua karibu kwa nusu, lakini urefu wa maisha haukubadilika.

Sasa upande wa kidonge. Jaribio kubwa zaidi la kinga ya antibayotiki kwa mieloma ni TEAMM la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2019. Wagonjwa 977 waliogunduliwa karibuni walipewa antibayotiki ya levofloksasini miligramu 500 kila siku kwa wiki 12, au kidonge kisicho na dawa. Waliopata homa au kufariki walikuwa 19% kwa waliotumia dawa na 27% kwa wenzao. Ili mmoja aepuke tukio, wagonjwa wapatao 13 wanapaswa kumaliza kozi, yaani takriban vidonge 1,100. Hesabu kama hiyo kwa jaribio la 1988, ukichukua kila upande ulikuwa na watu wapatao 40 wa kilo 70, inakuletea karibu kilo nzima ya immunoglobulini kwa kila ambukizo moja la bakteria lililozuiwa. Matukio yaliyohesabiwa hayafanani, kwa hiyo usiziweke namba hizi mbili kwenye mzani mmoja kana kwamba ni kitu kilekile. Hata hivyo bei ya vidonge 1,100 vya levofloksasini isiyo ya jina la kampuni na bei ya kilo moja ya plazima iliyochujwa hazimo kwenye daraja moja, popote utakaponunua.

Ana kwa ana, dawa hizi mbili zimepimwa kidogo sana. Watafiti wa Australia na New Zealand waliendesha jaribio liitwalo RATIONAL, dogo kwa makusudi kwa sababu lililenga kwanza kuona kama ulinganisho huo unawezekana: immunoglobulini upande mmoja, na upande wa pili kotrimoksazoli ya kila siku (wengi huijua kama Septrin), au doksisiklini kwa wasioivumilia.

| | Antibayotiki ya kila siku | Immunoglobulini |
|---|---|---|
| Inazuia nini | Bakteria. Kotrimoksazoli pia huzuia Pneumocystis | Zaidi maambukizi ya bakteria ya kifua na sinusi |
| Anayefaa kuanza nayo | Karibu kila mwenye kingamwili pungufu anayeugua mara kwa mara | Aliyeshindwa na antibayotiki, aliyelazwa, asiyeitikia chanjo |
| Madhara ya kuangalia | Kano, mapigo ya moyo na kuhara kwa levofloksasini. Upele, potasiamu kupanda na chembe za damu kushuka kwa kotrimoksazoli | Kichwa kuuma, damu kuganda, figo |
| Gharama iliyojificha | Usugu wa bakteria kwa wodi nzima | Siku za kwenda hospitali, uhaba wa plazima |
| Ushahidi wa kuongeza maisha | Upo kwa wagonjwa wenye upungufu wa nyutrofili | Haujaonekana |

Safu ya madhara inastahili maneno zaidi, kwa sababu madhara nayo ni gharama. Levofloksasini inaweza kuchana kano, hasa kwa wazee wanaotumia steroidi, na mgonjwa wa mieloma mara nyingi ni mzee anayemeza deksamethasoni kila wiki. Isimezwe pamoja na vidonge vya chuma, kalsiamu au dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini, maana hufungwa tumboni na fedha yako inaishia chooni. Kotrimoksazoli inagombana na methotreksati (dawa ya kemotherapia), na mchanganyiko huo unaweza kuangusha uboho. Immunoglobulini nayo inabeba onyo la damu kuganda na la figo kufeli, jambo la kutazamwa kwa macho mawili kwa mgonjwa wa mieloma ambaye figo zake tayari zinasuasua.

Jambo moja dogo ambalo huokoa fedha na vurugu: vipimo vya homa ya ini B na vya kingamwili za chanjo vichukuliwe kabla ya dripu ya kwanza. Baada ya hapo, kingamwili za wachangiaji zitaonekana kwenye damu ya mgonjwa kana kwamba ni zake, na unaweza kuanza kumtibu kwa ugonjwa alioupata mtu mwingine.

Utaratibu wa Ulaya kwa hiyo unaonekana kwangu kuwa wa busara. Immunoglobulini inakubaliwa kwa mwenye maambukizi makali au yanayojirudia, ambaye dawa za kuua vimelea zimemshinda, na ambaye ama ameshindwa kuitikia chanjo, ama kingamwili zake aina ya IgG ziko chini ya gramu 4 kwa lita. Masharti yote, si kipimo cha maabara peke yake. Namba ndogo ya IgG kwa mtu asiyeugua haijawahi kuhalalisha dripu.

Mzani unageuka kwa wanaopewa dawa mpya za mieloma zinazounganisha limfositi T na chembe za saratani. Katika jaribio la teklistamabu lililochapishwa mwaka 2022, 44.8% ya wagonjwa 165 walipata maambukizi ya daraja la 3 au la 4, yaani makali hadi ya kutishia uhai. Hatari ya kuanzia ikiwa kubwa hivyo, ile namba ya dola milioni 6 haina tena nafasi mezani. Kwa kundi hili wataalamu wengi huanza immunoglobulini mapema, na sioni sababu ya kibajeti ya kuwapinga, kwa sababu tiba yenyewe inagharimu mara nyingi zaidi ya dripu inayoilinda.

Kama imeamuliwa ni immunoglobulini, kuna swali la mshipa au chini ya ngozi. Dawa inafanana, na kwa mwezi gramu hukaribiana. Ya chini ya ngozi mgonjwa anaweza kujichoma nyumbani, kwa kawaida kila wiki, akishafundishwa, na kwa kuwa haimiminwi yote kwa mkupuo, maumivu ya kichwa na homa hupungua. Tafiti za gharama za nchi mbalimbali kwa sehemu kubwa zimeona ya ngozi ni nafuu, kwa sababu inaondoa kiti cha wodi na saa za muuguzi. Unafuu huo lakini ni wa anayelipia wodi. Mgonjwa ambaye hospitali haimtozi kiti, na nyumbani hana wa kumsaidia, anaweza kujikuta amebebeshwa kazi bila kuokoa chochote.

## Nyutrofili zikishuka: levofloksasini au sindano ya G-CSF?

Dawa hizi mbili hazifanyi kazi moja. Levofloksasini huwazuia bakteria wakati askari hawapo. G-CSF, yaani filgrastimu na ndugu zake, husukuma uboho utoe nyutrofili haraka.

Kwa antibayotiki, uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2012 ulikusanya majaribio 109 yenye wagonjwa 13,579 na kukuta vifo vya sababu zote vinapungua kwa theluthi moja. Wagonjwa 34 wakipewa kinga, kifo kimoja kinazuiwa. Kwa dawa ya bei ya levofloksasini, sijui kinga nyingine ya saratani ya damu inayonunua uhai kwa unafuu huo. Deni lake ni usugu. Wodi ambayo nusu ya bakteria wake wa tumboni tayari hawaogopi dawa hizi inanunua kinga iliyochakaa, na hapo takwimu za maabara ya hospitali hiyo zina uzito kuliko jaribio lolote la nje.

G-CSF hupunguza homa ya upungufu wa nyutrofili karibu kwa nusu. Miongozo mikubwa ya Marekani na Ulaya inaitaka tangu mzunguko wa kwanza pale hatari ya homa inapozidi 20%. Kati ya 10% na 20% huangaliwa umri, magonjwa mengine na hali ya uboho, na chini ya hapo haihitajiki. Mgonjwa wa limfoma aliyevuka miaka 65 anayepewa mchanganyiko wa dawa uitwao R-CHOP ni mfano wa anayefaa. Kwenye lukemia kali ya AML wakati wa tiba ya kwanza, sindano hii hufupisha siku za upungufu lakini haijaonyesha kuokoa maisha zaidi, kwa hiyo kama fedha ni haba hapo si pa kuanzia.

Filgrastimu huchomwa kila siku kwa siku kadhaa, pegfilgrastimu mara moja kwa mzunguko, miligramu 6. Kwenye karatasi, ya kila siku inaonekana rahisi. Tatizo ni kwamba wengi huishia sindano 4 au 5 kwa sababu ya usumbufu, na kozi isiyokamilika ni fedha iliyolipwa kwa kinga nusu. Nakala za filgrastimu, yaani zile za kampuni nyingine zinazofanana na ya asili, ziliruhusiwa Ulaya mwaka 2008 na Marekani mwaka 2015, zikafuatiwa na za pegfilgrastimu, na bei zimeteremka kiasi kwamba tafiti za zamani zinazosema G-CSF ni ghali zisomwe kwa kuangalia tarehe. Ukiambiwa bei, uliza kama ni ya nakala. Kazi yake haina tofauti.

## Fangasi: flukonazoli au posakonazoli?

Flukonazoli ni nafuu, inavumilika, na inazuia Candida. Haimgusi Aspergillus, ambaye ndiye tishio la mapafu kwa mgonjwa wa AML anayekaa wiki nyingi bila nyutrofili.

Mwaka 2007 jaribio la wagonjwa wa AML na magonjwa jirani yake lilionyesha maambukizi ya fangasi ya ndani yalikuwa 2% kwa waliotumia posakonazoli na 8% kwa waliotumia flukonazoli au itrakonazoli, na safari hii uhai nao uliongezeka. Wagonjwa 17 hivi kwa kuzuia tukio moja. Aspergillus akishaingia, matibabu huchukua angalau wiki 6 hadi 12 kwa dawa za bei kali, na mara nyingi yanasimamisha tiba ya lukemia. Ndiyo maana hesabu nyingi za gharama, katika nchi tofauti, zimeipa posakonazoli ushindi kwa kundi hili, na baadhi zikaiona inaokoa fedha moja kwa moja hata kabla nakala zake hazijaingia sokoni.

Kwa mgonjwa wa mieloma au limfoma ya kawaida, ambaye nyutrofili zake hushuka siku chache tu, ushindi huo haupo. Na kwa anayepewa vinkristini, dawa ya kemotherapia, kuna hatari ya kweli: posakonazoli inaizuia isiondoke mwilini, na mishipa ya fahamu inaumia. Kwa venetoklaksi, kidonge cha lukemia, mambo yanageuka kichekesho cha kibajeti. Posakonazoli huipandisha sana damuni, hivyo dozi ya miligramu 400 hushushwa hadi 70. Dawa ya fangasi inajilipia kwa kupunguza vidonge vya dawa ya saratani, mradi daktari na mfamasia wote wawili wanajua mgonjwa anameza nini.

## Zisizohitaji mjadala mrefu

Kotrimoksazoli ya kuzuia Pneumocystis hupunguza nimonia hiyo kwa 85% kwa wagonjwa wasio na VVU walio kwenye hatari. Ni nafuu, ipo karibu kila mahali, na mbadala wake wana kasoro: dapsoni inataka kwanza kipimo cha G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, atovakoni ni ghali, pentamidini ya kuvuta inataka mashine. Mwenye upele mdogo asiruke haraka kwenda kwenye mbadala.

Asiklovia, kidonge cha kuzuia virusi vya mkanda wa jeshi, kwa anayetumia bortezomibu, dawa ya mieloma. Katika jaribio la APEX, mkanda wa jeshi uliwapata 13% ya waliopewa bortezomibu na 5% ya waliopewa deksamethasoni peke yake. Vidonge vyake ni vya bei ndogo, na maumivu ya neva baada ya mkanda hudumu miezi. Chanjo isiyo hai ya mkanda wa jeshi, dozi 2, ilikinga kwa 68% hata kwa waliopandikizwa uboho wao wenyewe. Ile iliyo hai wasiguse.

Homa ya ini B ipimwe kabla ya rituksimabu, dawa ya limfoma inayoua limfositi B, bila mjadala. Kwa wagonjwa wa limfoma nchini China waliokuwa na virusi hivyo, jaribio la 2014 lilikuta virusi vinaamka kwa 6.6% ya waliopewa entekaviri na 30% ya waliopewa lamivudini, zote mbili dawa za kuzuia virusi hivyo. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili imeshakuwa ndogo mno kuhalalisha lamivudini.

Chanjo za nimokoki na mafua ni nafuu kuliko zote, lakini zina saa yake: angalau wiki 2 kabla ya tiba inapowezekana. Ndani ya miezi 6 baada ya rituksimabu mwili hauitikii ipasavyo, na dozi iliyotolewa hapo inatuliza dhamiri zaidi ya mapafu. Wanaoishi na mgonjwa wachanjwe pia.

Letermoviri, ya kuzuia CMV baada ya kupandikizwa uboho wa mtu mwingine, ina matokeo mazuri. Hadi wiki ya 24, 37.5% walipata tatizo la CMV dhidi ya 60.6% kwa wasioitumia. Bei yake ni ya juu sana. Mahali ambapo kipimo cha virusi hufanyika kila wiki na majibu hutoka kwa wakati, kufuatilia na kutibu mapema bado ni njia halali kwa mwenye hatari ndogo. Aliyepewa uboho usiolingana vizuri, na mwenye kumbukumbu ya virusi hivyo mwilini, ni wa kwanza kwenye foleni ya letermoviri.

## Bajeti ikiwa finyu

Kama ningepangiwa fungu dogo, ningelianzia kwenye chanjo, kipimo cha homa ya ini, kotrimoksazoli na asiklovia kwa wanaostahili. Kisha levofloksasini kwa wenye upungufu mrefu wa nyutrofili na kwa wiki 12 za kwanza za mieloma, palipo na usugu mdogo. Kisha nakala ya G-CSF kwa waliovuka 20%. Posakonazoli kwa AML ningeiweka kabla ya immunoglobulini, na immunoglobulini ningeiwekea mlango wenye masharti yale ya Ulaya. Anayetibiwa kwa dawa kama teklistamabu ana foleni yake ya pembeni. Mtu mwingine anaweza kugeuza nafasi mbili tatu hapo na asikosee.

## Muda wa kusimamisha ni nusu ya bei

Watu hujadili sana kuanza na kidogo kuacha. Levofloksasini ya mieloma imepimwa kwa wiki 12, na kuendelea mwaka mzima ni uamuzi usio na jaribio hilo nyuma yake. Posakonazoli husimama nyutrofili zikirudi. Asiklovia hufuatana na bortezomibu na muda mfupi baada yake. Entekaviri ni tofauti, kwani kuikatiza mapema ni hatari. Huendelea angalau miezi 12 baada ya dozi ya mwisho ya rituksimabu, na vipimo vya ini havikomi hapo.

Immunoglobulini ndiyo inayosahaulika kwenye faili. Mgonjwa anaanza baada ya msimu mbaya, saratani inatulia, uboho unapata nafuu, na dripu inaendelea miaka kwa sababu hakuna aliyeandika tarehe ya kuitathmini. Timu ileile ya RATIONAL imelifungulia swali hili jaribio jingine, RATIONALISE, la wagonjwa wanaoweza kuiacha. Mkiamua kujaribu kuacha, kumbukeni kwamba nusu ya kingamwili za dripu huisha kwa wiki 3 hivi, kwa hiyo mwezi wa kwanza wenye afya njema bado unaishi kwa akiba ya dozi ya mwisho. Pangeni kipimo cha IgG na hesabu ya maambukizi kwenye mwezi wa 3 hadi wa 6, na muwe na antibayotiki ya akiba nyumbani yenye maelekezo ya lini kuianza.